Cathy Gale hakuwa mazoezi ya Emma Peel

Nimeisoma tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana anayesomea utengenezaji wa filamu: eti The Avengers, kipindi cha zamani cha upelelezi cha televisheni ya Uingereza, inaanza kutazamika pale Diana Rigg anapoingia kama Emma Peel. Ya kabla yake ruka tu, picha ina ukungu, waigizaji wanababaika, mapigano yamezubaa. Kazi yangu ni kuhariri picha, na kauli hii nimeshaijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa naiandika, na atakayeirudia nitamtumia hii.

Tuondoe dogo kwanza. Hatuzungumzii mashujaa wa Marvel. Kipindi hiki cha Waingereza kilianza Januari 1961, jarida la Marvel lenye jina hilo likaja 1963, na filamu yao ya 2012 ilibidi ibadilishiwe jina Uingereza ili watu wasichanganye.

Kilianza kama hadithi ya daktari. Ian Hendry aliigiza Dk. David Keel, ambaye mchumba wake anauawa na genge la dawa za kulevya. Jasusi John Steed, yaani mwigizaji Patrick Macnee, anajitokeza kumsaidia kulipiza kisasi. Steed wa wakati ule ni mtu wa pembeni mwenye koti la mvua, huwezi kumwamini sana. Mgomo wa waigizaji ukakatisha msimu, Hendry akahamia kwenye sinema, Macnee akabaki. Kati ya sehemu 26 za msimu ule zimesalia nzima tatu tu, moja ikiwa imepatikana 2016, pamoja na kipande cha kwanza cha ile ya ufunguzi. Kwa hiyo anayekuambia msimu wa kwanza ulikuwa mbovu, muulize ameuona wapi.

Mwaka 1962 akaja Honor Blackman kama Cathy Gale, msomi wa anthropolojia na mjane wa mkulima aliyeuawa Kenya wakati wa Mau Mau. Msomaji wa Kenya ataguna hapo, na ana haki: ni Kenya ya walowezi kama ilivyosimuliwa London, wenye ardhi hawamo. Lakini mhusika mwenyewe alikuwa kitu kigeni kabisa kwenye televisheni. Msomi, anampinga Steed usoni, na akishikwa anajinasua mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile linaloniudhi.

Misimu ya Blackman ilirekodiwa kwenye mkanda wa video, katika studio za Teddington. Mkanda huo ulikuwa na upana wa inchi 2, wa bei ghali, na kuuhariri hakukuwa kubonyeza kitufe. Fundi aliupaka kimiminika chenye chembechembe za chuma ili mistari ya sumaku ionekane, akaiangalia kwa hadubini, akakata kwa wembe mahali penyewe hasa, kisha akaunganisha kwa utepe. Akikosea kidogo tu, picha inaruka pale kwenye kiungo. Na mkanda uliokatwa ulipoteza thamani, wakati kituo kilitaka kuutumia tena kwa kipindi kingine. Nani angekata ovyo katika hali hiyo? Walirekodi vipande virefu mfululizo, kamera kadhaa zikizunguka, mwongozaji akichagua picha papo hapo, karibu kama mubashara. Mwigizaji akimeza neno, neno limemezwa. Kivuli cha maikrofoni kikipita ukutani, kimepita.

Kwa hiyo unapomwona Macnee anasita katikati ya sentensi, usiseme hajui kazi. Angalia Blackman anafanya nini katika nusu sekunde ile: anamtazama, anaweka kinywaji mezani, anamrudishia sentensi ambayo wala haikuwa yake, na mazungumzo yanaendelea. Huo ni uigizaji wa jukwaani mbele ya kamera za televisheni, na waigizaji wengi wa leo, waliozoea kurudia shoti hadi wachoke, wangeanguka pale.

Mapigano nayo ni hivyo hivyo. Huwezi kumficha mtu wa kuchukua nafasi yake kwenye purukushani wakati kamera haikatiki na sura yake inaonekana. Blackman ilibidi ajifunze judo kwelikweli, na akamtupa chini mtu wa kweli kwenye sakafu ya saruji ya studio. Katika sehemu iitwayo Mandrake, mwanzoni mwa 1964, alipigana na mwanamieleka Jackie Pallo kwenye makaburi yaliyojengwa studioni. Alipompiga, Pallo akaangukia kaburini na kuzimia kweli. Hata mavazi ya ngozi, ambayo kila mtu anayachukulia kama mapambo ya kuvutia macho, yalitokana na shida ya kazi: suruali ya kawaida ilimpasukia kwenye pambano. Ngozi haipasuki.

Na huo ukungu? Mnachotazama siyo mkanda wenyewe. Ni nakala ya filamu ya milimita 16, iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni. Mikanda yenyewe ilifutwa. Mtazamaji wa 1963 aliona mwendo laini, picha nusu 50 kila sekunde, kila nusu ikiwa na hatua yake ya mwendo. Nakala iliyotufikia ina picha 25, na weusi na weupe wake umeharibika njiani. Kumhukumu mpangaji taa wa Teddington kwa nakala hiyo ni kumhukumu mpishi kwa chakula kilichopashwa moto mara tatu.

Blackman aliondoka 1964 kwenda kucheza kwenye filamu ya James Bond. Ndipo kila kitu kikabadilika, na kilichobadilika kwanza hakikuwa mwigizaji. Watengenezaji walitaka kuuza Marekani. Mkanda wa Uingereza ulikuwa na picha ya mistari 405, mfumo ambao televisheni za kule hazikutumia, kwa hiyo haukuwa na faida kwa vituo vyao, lakini filamu ya milimita 35 inachezeka popote. Kipindi kikahamia studio za filamu za Elstree, kikawa na kamera moja, kila shoti ikiwekewa taa yake, nje kwenda kupiga picha barabarani na mashambani, mhariri mwenye meza na muda, na watu wa kuchukua nafasi ya mwigizaji kwenye miruko ya hatari. Emma Peel wa kwanza alikuwa Elizabeth Shepherd. Aliondolewa baada ya kupiga picha za sehemu moja na kidogo, ndipo akaletwa Diana Rigg kutoka Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo ya jukwaani.

Rigg nampenda sana, nisieleweke vibaya. Ile nyusi inayopanda kabla ya jibu, sauti inayotania bila kucheka, sijaona mfano wake. Lakini nyusi ile naiona kwa sababu mhariri aliniachia. Alichagua shoti ya karibu, akaikata fremu chache baada ya jibu, mzaha ukatua. Nimeshawafanyia waigizaji wa kawaida huduma hiyo na wakasifiwa. Rigg hakuwa wa kawaida, hilo halina ubishi, ila kila ninapojaribu kupima kiasi gani ni chake na kiasi gani ni cha meza ya uhariri, mizani inayumba. Kwa Blackman haiyumbi. Unachokiona ni chake, pamoja na makosa yake.

Wanaomtetea Cathy Gale nao wana hadithi yao wanayoipenda: kwamba alikuwa jasiri kwa sababu skripti zake ziliandikwa kwa ajili ya Dk. Keel, mwanamume, na wakabadilisha jina tu. Ni kweli kwamba za mwanzo zilitokana na akiba hiyo. Lakini hadithi imenyooka kupita kiasi na sina amani nayo. Blackman alicheza sehemu 43. Msimu wake wa pili waandishi walikuwa wanamwandikia yeye, wakimjua, na ndimo Cathy anapopigana vizuri zaidi na kujibizana na Steed kwa ukali zaidi. Ajali ilifungua mlango, sawa. Aliyeingia na kukaa ni Blackman, na sioni kwa nini sifa yake apewe Keel.

Rigg mwenyewe aligundua baada ya msimu wake wa kwanza kwamba analipwa chini ya mpiga kamera. Alidai nyongeza, akapata, na magazeti yakamwita mwenye tamaa. Aliondoka baada ya sehemu 51.

Halafu kuna Linda Thorson, Mkanada, aliyeingia 1968 kama Tara King akiwa bado msichana tu. Kila mwaka namsikia mtu akisema Thorson ndiye aliyekiua kipindi. Marekani kiliwekwa muda uleule na Laugh-In, kipindi cha vichekesho kilichokuwa kinatazamwa kuliko vyote nchini humo. Kikapigwa vibaya, kituo cha Marekani kikaacha kununua, na bila pesa ile Elstree haikuweza kuendelea na filamu ya rangi ya milimita 35. Utengenezaji ukasimama 1969. Ufaransa, ambako Laugh-In haikuwepo, Tara King alipendwa.

Kijana wangu, tazama Mandrake, kisha sehemu yoyote ya Rigg ya 1965. Hesabu mikato katika pambano moja la kila upande. Ukishapata namba mbili hizo, njoo tubishane.