Zebaki ya mtoni si ya wachimba dhahabu peke yao
Samaki wakikutwa na zebaki, metali ya majimaji yenye sumu, lawama zote huwaangukia wachimba dhahabu, wanaoitumia kunasa dhahabu. Lakini samaki wa Rio Negro, mto wa bonde la Amazon nchini Brazili, wana zebaki nyingi ingawa uchimbaji huko ni mdogo kuliko kwenye mto Tapajós wa bonde hilohilo. Udongo wa Amazon umeikusanya kwa maelfu ya miaka, ikishikana na oksidi za chuma na alumini. Msitu ukifyekwa, mvua huishusha mtoni.

Kutafuta chanzo, chomeka bomba kwenye tope la chini ya mto, toa tope lililoingia ndani, ulikate vipande vya sentimita 1, upime zebaki pamoja na alumini. Zikipanda pamoja, shuku mmomonyoko. Zebaki ikipanda peke yake kwenye tabaka za juu, yaani za karibuni, shuku binadamu, ila pima kwanza mabaki ya mimea, maana nayo huinasa. Usikaushe sampuli kwa moto mkali: zebaki hupaa, kipimo kikapungua.