Mfupa wa pua umepinda, je ndio unaokuletea sainasi? Maswali na majibu

Nimepiga siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, nikaambiwa mfupa wa pua umepinda, kwa hiyo ndio maana sainasi haziishi?

Inawezekana, ila usikubali haraka. Huo unaoitwa mfupa wa pua ni ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua, mbele ni gegedu na nyuma ni mfupa mwembamba, na watu wenye ukuta ulionyooka kabisa ni wachache, wengi wetu umepinda kidogo, kuna waliozaliwa nao na kuna waliopigwa ngumi au walioanguka na bodaboda, na wanaishi maisha yao yote bila hata kujua. Yani ukiutafuta mpindo kwenye picha mara nyingi utaupata, sasa kama ndio unaokuumiza au umekutwa tu hapo hilo ni swali lingine na ndilo la kumuuliza daktari.

Sasa hivyo vitu viwili vinahusiana vipi?

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, na ugonjwa wake nao watu wanauita sainasi. Ziko jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso juu ya nyusi, katikati ya macho, na nyingine nyuma kabisa ya pua. Ndani zina utando laini unaotoa makamasi kila siku hata ukiwa mzima, na kuna vijinywele vidogo sana vinavyoyasukuma hadi kwenye kijitundu cha kutokea puani. Cha shavuni kipo juu, sio chini, kwa hiyo makamasi yanapandishwa ndio yatoke! Utando ukivimba kidogo tu njia inaziba, makamasi yanalala humo, uvimbe unazidi.

Mpindo mkubwa uliokaa sehemu mbaya unaweza kusukuma nyama za pembeni ya pua na kuibana hiyo njia, hapo unachangia kweli. Lakini tafiti zilizolinganisha watu zimekuta uhusiano mdogo, na zaidi kwa wale waliopinda sana. Halafu fikiria, wengi wenye sainasi sugu wanaugua pande zote mbili, wakati mfupa umeegemea upande mmoja, huo upande wa pili unaugua kwa sababu gani? Ugonjwa upo kwenye utando wenyewe: aleji, pumu, vinyama vya puani, moshi wa sigara, na wengine ni jino bovu la juu maana mizizi ya magego imekaa karibu sana na sainasi ya shavuni, kwa hiyo ukitokwa usaha unaonuka upande mmoja tu usiache kwenda kwa daktari wa meno.

Nitajuaje nina sainasi sugu kweli?

Wiki 12 au zaidi, na dalili zisizopungua mbili: pua kuziba, makamasi mazito yanayotoka mbele au kushuka kooni, uso kuuma au kuhisi mgandamizo, kutosikia harufu. Kati ya hizo kuziba au makamasi lazima iwepo, kisha daktari wa masikio, pua na koo athibitishe kwa kamera au siti skani. Kichwa kinachouma peke yake, pua iko safi, mara nyingi sio sainasi, wengi wana kipandauso na wanamezeshwa antibayotiki miaka na miaka, inauma sana kuona hivyo.

Na pua kupokezana, saa kadhaa kushoto baadae kulia, ni kawaida ya mwili. Mpindo unaziba zaidi upande ule ule.

Nikinyooshwa mfupa nitapona?

Hewa itapita vizuri zaidi, kwa wengi. Sainasi hakuna wa kukuahidi. Kuna operesheni ya sainasi zenyewe kwa kamera kupitia puani, na pengine mfupa unanyooshwa hapo hapo ili vifaa vipate njia ya kupita, hiyo ina mantiki yake, ila hata baada ya hapo dawa za puani zinaendelea. Kwa hiyo kabla ya kuuza mbuzi au kukopa muulize daktari wazi, unanipasua ili nipumue au ili sainasi ziishe?

Kabla ya operesheni nifanye nini?

Osha pua kwa maji ya chumvi kila siku. Chemsha maji yaache yapoe, robo lita kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, inama, ingiza tundu moja yatokee lingine. Usitumie maji ya bomba au kisima ambayo hayajachemshwa, kuna kijidudu kinaitwa amiba ambaye ni nadra sana lakini akipitia puani anafika kwenye ubongo na anaua. Baada ya hapo spreyi ya steroidi uliyoandikiwa, yani dawa ya kupunguza uvimbe, ielekeze upande wa sikio usiupulizie ule ukuta wa kati maana utatoka damu, na ipe wiki kadhaa, wengi wanaacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Zile dawa za matone zinazozibua pua palepale ni za siku chache tu, ukipitisha wiki pua inaanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Lini nisisubiri?

Jicho kuvimba, kuona vitu viwili viwili, homa na kichwa kikali na shingo kukakamaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Damu inayotoka mara kwa mara upande mmoja pamoja na kuziba nayo ionwe mapema.