Kukiri Kosa kwa Mwenye Grini Kadi: Hesabu ya Siku 365

Swali ambalo wateja wangu wasio raia huniuliza kwanza, tukiwa bado kwenye korido ya mahakama hapa Marekani, ni hili: "Wakili, nikikiri, leo nalala nyumbani?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hapo ndipo hatari ilipojificha.

Chukua kesi ya wizi. Mwendesha mashtaka anapendekeza kifungo cha mwaka mmoja, chote kisimamishwe, mshtakiwa aondoke zake bila kulala rumande hata usiku mmoja. Kwa raia, huo ni unafuu. Kwa mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, yaweza kuwa balaa, kwa sababu sheria ya uhamiaji huhesabu kifungo alichotamka hakimu, si kile kilichotumikiwa, na wizi uliotolewa adhabu ya mwaka mmoja au zaidi huweza kuingizwa katika kundi la makosa yaliyokithiri (aggravated felony), yale yanayoweza kumfukuzisha asiye raia nchini, hata kama jimbo lenyewe huliita kosa dogo. Akishaingia humo, unafuu ambao jaji wa uhamiaji angeweza kumpa kwa kuangalia miaka aliyoishi nchini na watoto wake walio raia unafungwa. Ndiyo maana mimi huomba siku 364. Ni siku moja tu, na waendesha mashtaka wengi hawaoni sababu ya kuing'ang'ania.

Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyelitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam na kuishi nchini kihalali zaidi ya miaka 40, alikuwa ameambiwa na wakili wake asiwe na wasiwasi.

Kesi ya Lee ya mwaka 2017 hunisikitisha zaidi. Lee, aliyeletwa kutoka Korea Kusini akiwa na umri wa miaka 13, alionywa na hakimu mwenyewe kwamba huenda akafukuzwa. Akasema haelewi, akamgeukia wakili wake, naye akamwambia hilo ni onyo la kawaida tu. Alishinda rufaa, lakini baada ya miaka mingi ya mashaka.

Kwa hiyo mwambie wakili wako siku ya kwanza kabisa kwamba wewe si raia, hata kama ni wakili uliyepewa na mahakama, kwani yale unayomwambia ni siri. Usidanganyike na ahadi kwamba kesi itafutwa baada ya mwaka ukitulia: ukishakiri na hakimu akakupa sharti lolote la adhabu au uangalizi, kwa uhamiaji umetiwa hatiani. Kama wakili hana jibu, mwombe aiombe mahakama iahirishe kesi ili amuulize mwenzake wa uhamiaji, kabla hujaulizwa unakiri au unakana.