Fort Jesus: nani hasa alikuwa ndani ya zile kuta?

Nawatembeza wageni Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, na haipiti siku bila mtu kuniambia: "Hapa walipigana Wareno na Waarabu, sisi tulikuwa watazamaji tu." Nimeisikia kwa watalii, kwa walimu waliokuja na wanafunzi wao, hata kwa wazaliwa wa Mombasa. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Waomani walianza kuizingira ngome Machi 1696. Wanajeshi wa Kireno waliokuwamo hawakufika hata 100. Wengi wa waliojifungia humo walikuwa watu wa pwani. Tauni ilipoingia mwaka wa 1697, ikawafyeka Wareno. Ulinzi ukabaki kwa Bwana Daud wa Faza (mji wa kisiwa cha Pate), jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake 50. Wanawake 50! Hao wote ndio walioishikilia ngome mpaka msaada ulipofika kwa meli mwezi wa Septemba. Ilianguka Desemba 1698, baada ya miezi 33. Na nje ya ukuta je? Watu wa Mombasa ndio waliomwomba Imamu wa Oman msaada, tangu miaka ya 1650. Waswahili walikuwa pande zote mbili, kila mmoja na hesabu zake.

Madai mengine nayajibu upesi. Ngome haikujengwa kuwa ghala la watumwa: Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, baada ya manowari za Waturuki kuwasumbua pwani hii miaka ya 1580. Aliyechora ramani yake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano. Waingereza nao hawakuijenga. Waliikuta, wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Handaki lililo nje ya ukuta halikuwa na maji, sembuse mamba. Lilichimbwa likiwa kavu.

Tena nasikia eti kuta ni mawe yaliyoletwa kutoka Ureno. Hapana, ni matumbawe ya kisiwa hiki hiki. Ukija, acha kwanza kupiga picha na mizinga. Chungulia handakini, fuata ukuta kwa macho kuanzia chini: utaona mwamba wenyewe umechongwa kuwa ukuta, kisha, juu kidogo, mawe yanaanza kupangwa moja moja kwa chokaa. Wageni wengi huupita mpaka huo bila kuuona, nami huwarudisha nyuma wautazame.