Amri ya yes haijui programu imeuliza nini

Vijana wanaotengeneza programu za simu kwa ajili ya vyama vya msingi vya korosho, hapa Mtwara na kule Lindi, huniletea tatizo lile lile kila msimu: amri inayokwenda vizuri mtu akiwa mbele ya kompyuta hukwama inapohamishiwa kwenye seva inayojenga programu bila mtu, kwa sababu huuliza swali na hakuna wa kulijibu. Wengi wao huja wakiwa na dawa yao tayari, aghalabu amri ya `yes`, na dawa hiyo ndiyo inayonisikitisha kuliko tatizo lenyewe.

Dhana: Ukiunganisha `yes` kwa paipu (alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine) na amri yoyote, maswali yote yamejibiwa.

Ukweli ni kwamba `yes` huandika herufi y, mstari baada ya mstari, bila kujua kilichoulizwa. Pale ambapo kila swali ni la ndiyo au hapana, kama vile kukubali leseni za Android kwa `sdkmanager --licenses`, njia hiyo inafaa na sina ugomvi nayo. Lakini tazama `keytool -genkeypair`, amri ya kutengeneza ufunguo wa kutia saini programu, katika Java ya kuanzia toleo la 9: hata ikishapewa nenosiri na aina ya ufunguo, bado huuliza jina, kitengo, taasisi, mji, mkoa na msimbo wa nchi, kisha huuliza kama taarifa hizo ni sahihi. Yote hayo yatajibiwa y, likiwamo swali la uthibitisho, na cheti cha ufunguo huo kitatoka kikiwa na CN=y (jina), L=y mahali palipostahili kusomeka Mtwara, na C=y badala ya TZ. Seva itatangaza kuwa ujenzi umefaulu. Kwa kuwa Android kwa kawaida hukataa toleo jipya lisilotiwa saini kwa ufunguo ule ule wa awali, taarifa hizo za ovyo zitaandamana na programu ya mteja wako kwa miaka. Ungeandika tu `-dname "CN=Korosho, L=Mtwara, C=TZ"`, maswali hayo yasingeulizwa kabisa. Nawasihi mfungue ukurasa wa maelezo ya amri kabla ya kuigusa `yes`, kwa sababu programu nyingi zilizotengenezwa kwa uangalifu zina chaguo la namna hiyo.

Tena, skripti yenye `set -o pipefail`, inayohesabu kufeli kwa amri yoyote ya paipu kuwa kufeli kwa paipu nzima, inaweza kufeli kwa namba 141 ilhali kazi imekamilika, kwa sababu `yes` huuawa na ishara ya SIGPIPE pindi msomaji wake anapoondoka.

Dhana: `apt-get install -y` hunyamazisha kila kitu.

Hujibu maswali ya apt, kisakinishi cha vifurushi cha Debian na Ubuntu, peke yake. Kifurushi cha tzdata (cha saa za maeneo) huuliza eneo lako kupitia debconf, mfumo wa maswali ya usanidi wa vifurushi, kwa hiyo weka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive`. Maswali ya dpkg, inayosakinisha vifurushi chini ya apt, kuhusu mafaili ya usanidi yaliyobadilishwa ni mengine tena, nayo huhitaji `--force-confold`.

Dhana: Nenosiri la ssh (programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) linaweza kupitishwa kwa paipu.

Haliwezi, kwa kuwa ssh hulisoma moja kwa moja kutoka `/dev/tty`, yaani terminali yenyewe. Tumia ufunguo pamoja na `BatchMode=yes`, inayoizuia kuuliza, ili ikishindwa ishindwe papo hapo. Kwa git, inayotunza matoleo ya msimbo, weka `GIT_TERMINAL_PROMPT=0`.

Dhana: Ujenzi ukiganda, mtandao wetu wa huku kusini ndio mbovu.

Mara nyingi kuna programu inayongoja jibu la mtu asiyekuwapo. GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kujenga programu bila mtu, usipoipangia muda, huiacha kazi ingoje hadi dakika 360 ndipo iikatize. Mimi huongeza `</dev/null` (yaani isiwe na cha kusoma) kwenye kila amri ya ujenzi ninayoitilia shaka na kuitanguliza kwa `timeout`; ikirudi na namba 124, najua muda wake umekwisha na naanza kulitafuta swali lililofichika.

Dhana: Expect ndiyo njia ya wataalamu.

Expect, iliyotungwa na Don Libes wa Marekani, huigiza terminali na kungoja maneno mahususi kabla ya kujibu, kwa hiyo toleo jipya likibadilisha maneno ya swali, skripti yako inakwama. Naitumia pale tu ambapo programu haina chaguo lolote la kupokea majibu mapema.