Horowitz, Gurvich, Gurevich: jina moja la ukoo lenye sura nyingi

Ukikuta Horowitz katika orodha ya wahamiaji wa New York na Gurvich katika daftari la Kirusi, usiharakishe kusema hizo ni koo mbili. Jina ni lile lile. Limetokana na Hořovice, mji mdogo wa Bohemia, Ucheki ya leo, kama kilomita 50 kusini-magharibi mwa Prague. Familia ya Kiyahudi iliyotoka huko ilihamia Prague ikajulikana kwa mji wake wa asili.

Prague ndiko ukoo ulikopata mali na heshima. Mwaka 1535 Aaron Meshullam Horowitz alijenga sinagogi ya Pinkas, ambayo ingalipo. Kuta zake leo zimejaa majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Rabi Isaiah Horowitz, aliyehamia Jerusalem mwaka 1621, ni wa ukoo huo huo. Wenyewe huongeza neno Halevi, kwa kuwa ni Walawi, na Ulawi hurithiwa kwa baba.

G ilitoka wapi? Kirusi hakina herufi ya H, kwa hiyo waandishi wa serikali waliweka G. Gurevich ndiyo inayopotosha zaidi: kwa masikio ya Kislavoni inasikika kama "mwana wa Gur", na wapo wanaomtafuta babu huyo hadi leo. Hakuwahi kuwepo. Mhandisi Mikhail Gurevich ndiye mwenye G katika MiG, ndege za kivita ambazo Tanzania ilizitumia dhidi ya majeshi ya Idi Amin.

Wayahudi wengi wa milki ya Habsburg, iliyotawaliwa kutoka Vienna, Austria, walipata majina ya kudumu ya ukoo kwa amri ya Kaisari Joseph II ya mwaka 1787. Horowitz lilishatangulia kwa zaidi ya karne mbili. Lakini ukongwe huo si uthibitisho wa nasaba. Huko Galicia, jimbo la milki hiyo ambalo leo ni kusini mwa Poland na magharibi mwa Ukraine, ndoa nyingi zilifungwa kidini tu bila kusajiliwa serikalini, na watoto wakaandikwa kwa jina la mama. Ndiyo maana sisi tunaofuatilia koo kwenye nyaraka huwaomba watu picha ya kaburi kabla ya cheti: makaburi ya Walawi mara nyingi huchongwa birika, kwa sababu wao huwanawisha makuhani mikono. Kaburi la mwanamume aitwaye Horowitz likikosa birika na neno Halevi pia, anza kuutafuta ukoo wake upande wa mama.