Mihuri ya Luger na P.38: anayosema muuzaji na kinachosema chuma

Luger na P.38 ni bastola za Kijerumani. Ukikutana na tangazo la "Luger ya 1942, ya SS (kikosi cha chama cha Hitler), namba ndogo, adimu sana", huenda kila neno humo si kweli na bado muuzaji hakukusudia kudanganya. Kasoma mihuri kwa akili ya kawaida, na mihuri ya jeshi la Ujerumani haisomeki hivyo. Ilipigwa na wakaguzi na makarani kwa shughuli zao: nani katengeneza, nani kakagua, mali ya idara gani. Mnunuzi wa miaka 80 baadaye hakuwamo kwenye hesabu yao.

"42 ni mwaka wa kutengenezwa"

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na ndiyo inayokula pesa za watu wengi. Luger nyingi zina S/42 au 42 pale juu, kwenye kiungo kinachokunjika bastola ikifyatuka. Hapo ni mahali pa mtengenezaji, na 42 ni msimbo wa siri wa kiwanda cha Mauser kilichokuwa Oberndorf. Mwaka utautafuta mbele kidogo, juu ya chemba ya risasi. Kwa hiyo bastola yenye S/42 kwenye kiungo na 1937 kwenye chemba ni ya 1937, basi.

Kwa nini msimbo badala ya jina? Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita vya Kwanza, uliibana Ujerumani kuhusu silaha, na Wajerumani walipoanza kujizatiti tena hawakutaka kila bastola itangaze kiwanda chake. Usiri ulifika hadi kwenye mwaka: badala ya 1934 waliweka herufi K, na badala ya 1935 wakaweka G. Tangu 1936 walirudi kuandika mwaka wazi. Mnamo 1939 msimbo ukafupishwa kuwa 42 tupu, kisha mwaka 1941 ukaja byf, ambayo nayo ni Mauser yule yule. Hapo ndipo mambo yanapochanganya zaidi, maana wakati huo mwaka nao ulikuwa umekatwa ukawa tarakimu mbili. Ukiona 42 kwenye kiungo na 41 kwenye chemba, bastola ni ya 1941. Ukiona byf kwenye kiungo na 42 kwenye chemba, hiyo sasa ndiyo ya 1942. Mtu anayekuuzia bila kujua tofauti ya mahali hapo pawili hajui anachouza.

P.38 ina mtego wake mdogo: 38 ni jina la modeli. Kiwanda cha Walther kilitumia msimbo 480, kisha ac, na mara nyingi chini yake kuna mwaka, kama 43. Mauser walitumia byf na mwishoni svw. Kiwanda cha Spreewerk kilipiga cyq na hakikuandika mwaka kabisa, kwa hiyo anayekuambia "cyq ya 1943" ameutoa mwaka kwenye mfuatano wa namba, au ameutoa kichwani.

"Ina 1917 na 1920, kwa hiyo imeunganishwa kutoka bastola mbili"

Hapana. Baada ya Vita vya Kwanza Ujerumani ilijaa silaha mikononi mwa raia, na serikali ikaamuru zikusanywe. Zile zilizobaki halali jeshini na kwa polisi zilipigwa 1920 kuonyesha kuwa ni mali ya serikali. 1917 ni mwaka wa kiwandani, 1920 ni muhuri wa umiliki. Wakusanyaji huipenda bastola ya namna hii, maana ina maisha mawili yanayoonekana.

"Tai mwenye swastika maana yake ni ya SS"

Tai mdogo mwenye namba chini yake ni muhuri wa mkaguzi wa Waffenamt, idara ya silaha ya jeshi. Namba hiyo humtaja mkaguzi au ofisi yake: 359 huonekana kwenye kazi za Walther, 655 na 135 kwenye za Mauser. Haitaji kikosi wala askari. Tai mwingine, asiye na namba, ni ushahidi kwamba bastola ilijaribiwa kwa risasi nzito kabla ya kupokelewa. Tai mwenye herufi N ni jaribio la kiraia la kuanzia 1940. Kabla ya hapo palikuwa na taji juu ya N.

Herufi za SS na fuvu la kichwa ni hadithi nyingine. Alama hizo huongeza bei mara moja, na kuzipiga kunahitaji nyundo na patasi ya muhuri tu. Mimi nikiziona, naanza na dhana kwamba zimeongezwa juzi, kisha namwachia muuzaji kazi ya kunishawishi vinginevyo.

"Namba ndogo ni bastola ya mwanzo kabisa"

Viwanda vya DWM na Erfurt, katika Vita vya Kwanza, vilianza kuhesabu namba za bastola upya kila mwaka. Hesabu ikifika 10000 ilirudi 1 pamoja na herufi a, halafu b, na kuendelea. Kwa hiyo 312 isiyo na herufi, 312a na 312b ni bastola tatu za mwaka mmoja, na mwaka uliofuata zilikuwepo nyingine tatu. Namba bila herufi yake na mwaka wake haikuambii chochote.

Zile tarakimu mbili zilizotapakaa kwenye vipande vidogo, kuanzia kifyatulio hadi bamba la pembeni, ni mwisho wa namba hiyo hiyo. Kuna watu huziona wakaandika kwenye tangazo "Luger modeli 66". Wengine huandika kwamba mtengenezaji ni "Gesichert". Neno hilo liko pale kwenye swichi ya usalama kumjulisha askari kwamba usalama umefungwa.

Namba kulingana ni jambo jema, ila lenyewe halitoshi. Kipande cha kigeni kinaweza kusagwa namba yake na kupigwa mpya. Chukua kioo cha kukuzia uangalie kingo za tarakimu. Patasi inapoingia kwenye chuma husukuma ukingo juu kidogo, nao unabaki mkali. Bastola iliyosuguliwa na kupakwa weusi upya ina tarakimu zilizolala, kingo laini, kama sabuni iliyotumika. Kisha linganisha 4 ya kwenye fremu na 4 ya kwenye kifyatulio, uone kama umbo ni moja. Vipande vya manjano ya majani makavu navyo vina wakati wake: Mauser waliacha kuvipaka hivyo mwaka 1937, kwa hiyo byf yenye kifyatulio cha manjano ina maswali ya kujibu.

"X ni alama ya kukataliwa"

X iliyopigwa kwenye fremu hutambulisha silaha zilizotekwa na Wasovieti. Walizikusanya, wakazifungua, wakazichovya weusi mpya na kuziunganisha bila kujali kipande kilitoka wapi. Ni bastola za kweli zenye bei ya chini, na hakuna aibu kununua moja, mradi usilipie bei ya ile ambayo haikuguswa.

Svw yenye nyota ya pembe tano ni kisa kingine. Wafaransa walipokiteka kiwanda cha Mauser mwaka 1945 waliendelea kuunda P.38 kwa ajili yao wenyewe, huku msimbo wa Kijerumani ukibaki palepale. Ikiandikwa svw 46, Wehrmacht, yaani jeshi la Hitler, haikuwahi kuigusa, kwa kuwa jeshi hilo lilikwisha mwaka mmoja kabla.

"Ina 1914, basi ilipigana na Lettow-Vorbeck"

Hii hupendwa na wauzaji wanaojua mnunuzi katoka Afrika Mashariki, ambako Lettow-Vorbeck aliongoza jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1914 unasema bastola ilitoka kiwandani lini. Hausemi ilivuka bahari. Alama za kikosi za enzi hizo zilipigwa mbele ya mpini, kwa mfano 96.R.5.21: rejimenti ya 96 ya askari wa miguu, kombania ya 5, silaha ya 21. Rejimenti kama hiyo ilikuwa ya Ulaya. Pasipo alama ya Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, au karatasi inayofuatilia silaha hadi Abercorn (leo Mbala, Zambia), walikosalimu amri Novemba 1918, unalipia hadithi.

"Ni ya kale, haihitaji leseni"

Sheria ya Marekani huita silaha ya kale ile iliyotengenezwa 1898 au kabla yake. Jeshi la Uswisi, la kwanza kuichukua Luger, liliichukua mwaka 1900. Kwa hiyo hakuna Luger ya jeshi inayopenya hapo, na huku Kenya na Tanzania bastola ni bastola, iwe ya Kaiser au ya jana. Leseni kwanza, mihuri baadaye.